Shauri la Safari ya Likoma



Sisi tukaao Kitai tu watu wa njia panda. Barabara moja yatuletea wageni kutoka Songea, ya pili yapanda kwenda Mbinga, na ya tatu yaondoka kuelekea Ruanda na Lituhi, hata ifike ziwani. Mchana kutwa twaona malori yaliyobeba makaa ya mawe ya Ngaka, na mabasi yaliyojaa watu, na vijana wa pikipiki wakingoja abiria chini ya miti. Kwa hiyo mtu wa Kitai huzoea kuzitazama safari za watu wengine. Huijua saa ya basi na nauli yake, tena hujua ni nani aliyepita na ni nani ambaye hajarudi. Walakini kuijua njia ni jambo moja, na kujua kusafiri ni jambo jingine, nasi tulijifunza neno hili kwa hasara. Leo twapenda kuwaeleza shauri tulilolifanya nyumbani kwetu la kwenda kupumzika ng'ambo ya Ziwa Nyasa mwezi wa Oktoba ujao, ili nanyi mkitaka kuwachukua wazee wenu au watoto wenu katika nchi jirani mpate mahali pa kuanzia.

Sababu ya safari

Mama yetu alizaliwa Liuli, kwenye mwambao wa ziwa. Aliolewa huku juu Umatengo angali msichana, akajifunza kulima ngoro kama wanawake wa huku. Kwa ajili ya wasomaji wa mbali tuseme kwamba ngoro ni mashimo yaliyopangwa ubavuni mwa mlima kama masega ya nyuki. Wanaume hufyeka majani na kuyalaza kwa safu zinazokatana. Wanawake huchimba katikati na kuyafunika majani kwa udongo. Na mvua inyeshapo, maji hutulia mashimoni wala hayachukui rutuba ya shamba. Basi mama alishika jembe huku milimani, na kaka yake akashika njia ya maji. Alikwenda Likoma kujifunza useremala, akaoa huko, akajenga, wala hakurudi tena kukaa Liuli. Likoma ni kisiwa cha nchi ya Malawi, ingawa kipo karibu zaidi na mwambao wa Msumbiji kuliko na Malawi yenyewe.

Miaka tisa iliyopita, mwezi wa Julai, ilitufikia habari kwamba mjomba ni mgonjwa. Tuliketi jioni moja tukapiga hesabu: siku moja ya kushuka Mbamba Bay, siku moja ya kuvuka mpaka Nkhata Bay, usiku mmoja katika meli mpaka Likoma, siku tatu za kukaa, siku tatu za kurudi. Jumla yake siku tisa, nasi tulikuwa na ruhusa ya siku kumi. Hesabu ile tuliiona safi kama ya ubaoni. Hatukumwuliza mtu hata mmoja wa ziwani.

Tulipofika Mbamba Bay tulikuta upepo wa mwera umekwisha kusimama. Ziwa lilikuwa jeupe kwa mawimbi tangu ufukoni hata upeo wa macho, na mitumbwi yote imevutwa juu mchangani. Tulingoja siku nne. Siku ya tano tukavuka. Lakini tulipofika Nkhata Bay, meli ya Likoma ilikuwa imekwisha kung'oa nanga, tukangoja nyingine. Hata tulipokanyaga mchanga wa Likoma, mjomba alikuwa na siku sita kaburini. Mama aliketi penye kaburi mchana mmoja, akalala usiku mmoja, na asubuhi tukamwondoa, maana ruhusa yetu ilikuwa imekwisha kupita. Wifi yake alimsindikiza hata maji yakamfika magotini. Hatukumlaumu mwenye chombo wala mwenye meli. Kosa lilikuwa katika karatasi yetu.

Mwaka huu wifi yake alimpigia simu, akamwambia, "Wifi, macho yangu yanafifia. Njoo nikuone, usiwe sauti tu kwangu." Mama alinyamaza kwa siku mbili. Siku ya tatu akatuita sote, akatuarifu.

Shauri la kwanza

Mdogo wetu ni mwalimu wa shule, mtu mwenye bidii na mwenye kupenda ramani. Aliposikia neno la mama alifurahi sana, akatuletea shauri lililoandikwa vizuri, lenye mistari na tarehe. Alisema: "Ndugu zangu, kusafiri ni ghali. Tukiisha kulivuka ziwa, si vema kurudi tumeona mahali pamoja tu. Likizo ya Juni yatupa nafasi. Kwa siku kumi na mbili twaweza kuzitembelea nchi mbili, na kurudi kwetu kwa njia nyingine."

Lazima tukiri kwamba shauri lake lilikuwa na mambo mazuri, nasi twayaandika hapa kwa ajili ya wale watakaoweza kuyafuata. Kutoka Nkhata Bay tungepanda Mzuzu, kisha tuende Livingstonia, kituo ambacho Waskoti, chini ya Dk. Robert Laws, walikianzisha juu ya uwanda wa Khondowe mwaka 1894, baada ya kuanzia Cape Maclear mwaka 1875 na kuhamia Bandawe mwaka 1881. Shule ya pale ilifundisha walimu, makarani na mafundi wengi waliotawanyika katika nchi hizi zote. Njia ya kupanda huko kutoka ziwani ina kona kali zipatazo ishirini, na msafiri akitazama nyuma huliona ziwa lote chini yake. Kutoka huko tungerudi Nkhata Bay, tupite Likoma, tuvuke mpaka Cobuè katika nchi ya Msumbiji, tushike njia ya Metangula na kupanda Lichinga, mji wa baridi ambao Wareno waliuita Vila Cabral. Mwisho tungepita Matchedje, mahali ambapo FRELIMO ilifanya mkutano wake mkuu wa pili mwaka 1968, tuvuke mto Ruvuma penye daraja la Mkenda, tuingie Songea, na jioni tulale Kitai.

Watoto walipiga makofi. Nasi pia, twasema kweli, mioyo yetu ilivutwa. Mama aliichukua ile karatasi, akaitazama kwa muda mrefu kama kwamba angeweza kuyasoma maandishi yale madogo, kisha akauliza:

"Ni vema, mwanangu. Sasa nionyeshe siku ya kukaa."

Mdogo wetu akaweka kidole penye neno Likoma. "Hapa, mama. Siku moja na nusu."

"Hiyo ni siku ya kushuka katika chombo kimoja na kungoja kingine," akasema mama. "Wazee walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi sijapata kupewa jembe nyumbani kwa kaka yangu. Mara ya kwanza nilikwenda kama mgeni wa msiba, nikaondolewa kabla sijanawa vizuri. Safari hii nataka kufika siku ya jembe."

Hapo mdogo wetu alitoa kalamu yake, akahesabu tena. Katika siku kumi na mbili, kumi zilikuwa za kukaa katika magari na vyombo. Aliikunja karatasi bila kusema neno. Sisi tulikumbuka hesabu yetu ya zamani, tukaona haya. Maana tulikuwa karibu kulirudia kosa lile lile, ila safari hii kwa kalamu nzuri zaidi.

Wakati wa kusafiri

Tulianza upya, na jambo la kwanza tuliloliuliza lilikuwa upepo. Ziwa Nyasa lina urefu wa kilomita 570 hivi, na mahali palipo papana kabisa hufikia kilomita 75 hivi. Kina chake hupita mita 700. Maji mengi namna hii, yakiwa yamelala kati ya milima kama ndani ya mfereji, hupigwa na upepo kwa urefu wake wote. Mwera ni upepo utokao kusini-mashariki. Hushika nguvu tangu mwezi wa Mei, na huendelea mpaka Agosti au Septemba. Basi likizo ya Juni, ambayo ndiyo walimu hupenda kuitumia, huangukia katikati ya mwera.

Wala hili si jambo la mitumbwi peke yake. Mwaka 1895 Chauncy Maples, aliyekuwa amewekwa wakfu kuwa askofu mwaka huo huo, alikuwa akielekea Likoma kwa mashua. Usiku wa tarehe 2 Septemba dhoruba iliipindua, naye akafa maji. Alizikwa Nkhotakota. Tena tarehe 30 Julai 1946 meli kubwa iitwayo Vipya, iliyokuwa mpya kabisa, ilizama karibu na Chilumba, na watu wapatao 145 walipotea. Meli ile ilikuwa ya chuma, ikaongozwa na mabaharia wenye ujuzi. Basi ukiona kwenye kalenda kwamba ni mwezi wa Julai, usiseme, "Chombo chetu ni kikubwa."

Tulitazama mwezi wa Desemba. Mwera umekwisha wakati huo, na shule zimefungwa. Lakini mvua zimeanza. Mahindi yataka kupandwa na kupaliliwa. Tena sisi wenye kazi ya ukatekista hatuwezi kukiacha kigango katika majuma ya Majilio na Noeli. Ukibakiza siku za kungoja chombo, yakini utajikuta Nkhata Bay siku ya mkesha, na watu wako wamekusanyika kanisani bila mwalimu.

Ukabaki mwezi wa Oktoba. Mwera huwa umetulia, mvua bado, na fedha ya kahawa imekwisha kuingia kwa sehemu. Mashamba yanatayarishwa, lakini mkono mmoja ukikosekana kwa majuma matatu, nyumba haifi njaa. Shida ilikuwa moja tu: Oktoba shule zimefunguliwa, na mdogo wetu hawezi kuondoka. Hatukutaka kumwambia neno hili, kwa kuwa yeye ndiye aliyeifurahia safari kuliko sote. Akalisema mwenyewe. "Nendeni Oktoba," alisema. "Mimi nitawatunza watoto na mbuzi. Livingstonia haitahama." Kisha akaongeza kwa sauti ndogo, "Lakini mwaka mwingine, mama, utakuja pamoja nami." Mama akamwitikia. Hivyo ndivyo tulivyolipata shauri letu, nalo limemgharimu mtu mmoja likizo yake.

Njia tuliyoichagua

Tumeomba ruhusa ya siku ishirini na moja, na mwenzetu mmoja atatushikia ibada ya Dominika. Tumezigawa siku hizo hivi.

Siku ya kwanza tutapanda basi mpaka Mbinga, na kutoka Mbinga tushuke Mbamba Bay, mji mkuu wa Wilaya ya Nyasa. Zamani mteremko huu ulikuwa wa hofu, hasa wakati wa masika. Siku hizi ni barabara ya lami, na mzee aweza kuushuka bila kuteguka mgongo. Tutaiacha baridi ya milima ya kahawa na kuingia joto la miembe na mihogo, maana ziwa lipo chini sana, kadiri ya mita 475 tu juu ya usawa wa bahari. Wasafiri wa milimani wachukue nguo nyepesi juu ya mzigo, wasizifukie chini.

Siku ya pili na ya tatu ni za Liuli, upande wa kaskazini. Huko mama atayasafisha makaburi ya wazazi wake. Mkipita Liuli, msiondoke bila kuyatazama mambo mawili. La kwanza ni kaburi la Padre William Percival Johnson wa misheni ya Waanglikana, aliyefanya kazi katika mwambao huu kwa zaidi ya miaka arobaini, akafa mwaka 1928. La pili ni bandari yenyewe, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa sababu ya mwamba wake wenye umbo kama la sanamu ile ya Misri. Tarehe 13 Agosti 1914 manowari ndogo ya Waingereza, Guendolen, ilifika hapa na kuipiga mizinga meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa pwani kutengenezwa. Manahodha wao, Rhoades na Berndt, walikuwa marafiki. Na Berndt alikuwa hajapata habari kwamba vita vimeanza huko Ulaya. Alikuja kwa mashua amejaa hasira kumwuliza rafiki yake ana wazimu gani, akatiwa mbaroni. Mama alizisikia habari hizi utotoni kwa wazee wa Liuli, nasi twataka tuzisikie tena pale pale kutoka kinywani mwake.

Siku ya nne tutarudi Mbamba Bay. Siku ya tano, ya sita na ya saba ni za kuvuka mpaka Nkhata Bay. Kuvuka kwenyewe kwataka siku moja tu. Mbili zilizobaki ni siku za akiba. Safari za kuvuka hapa hazina ratiba ya kutegemewa, kwa hiyo mtu huuliza bandarini, wala hamwamini mtu wa kwanza amwambiaye, "Kesho." Kazi ya kujenga bandari kubwa ya Mbamba Bay ilianzishwa mwaka 2024, na watu wa pwani wanatumaini kwamba meli za ng'ambo zitaongezeka. Jambo moja tumeliapia: hatutampandisha mama katika chombo kilichojaa kupita kiasi, au kisicho na jaketi za kuokolea. Tukikosa chombo kizuri, tutangoja.

Ikiwa siku tatu hizo zitapita bila njia, tunayo njia ya pili ya nchi kavu: Songea, Njombe, Makambako, Mbeya, Kyela, halafu daraja la mto Songwe, Karonga, Mzuzu, na kushuka Nkhata Bay. Ni mzunguko mrefu wa siku tatu hivi, nao utakula siku zetu za Likoma, lakini hautategemea upepo mpaka Nkhata Bay. Mtu anayeona shida kupanda mabasi mengi aweza kuitumia njia hii wakati wa kurudi, kisha kushuka kwa meli ya MV Mbeya II kutoka Kyela mpaka Mbamba Bay. Meli hiyo hupita chini ya milima ya Livingstone, yenye vijiji visivyofikika kwa urahisi ila kwa maji, na huyaona makao ya watu kama Lupingu, Manda, Lundu na Liuli.

Siku ya nane na ya tisa ni za Nkhata Bay na meli ya Likoma. Kwa miaka mingi kazi hii imefanywa na Ilala, meli iliyoundwa Uskoti mwaka 1949 na kuanza kazi ziwani mwaka 1951. Ni meli ya kizee, na mara kwa mara husimama kwa matengenezo. Basi yafaa kupiga simu mapema na kuuliza inatembea au imelala, na kama imelala, ni chombo gani kimeshika zamu yake.

Tangu siku ya kumi mpaka ya kumi na sita tutakuwa Likoma. Siku saba kamili. Kisiwa ni kidogo, kadiri ya kilomita za mraba 18, chenye mibuyu na miembe, na mtu hukizunguka kwa miguu. Hapo lipo Kanisa Kuu la Mtakatifu Petro, lililoanza kujengwa mwaka 1903 na kuwekwa wakfu mwaka 1911. Urefu wake wakaribia mita 100, na mtu alionapo katika kisiwa kidogo namna ile hushangaa. Yasimuliwa kwamba limejengwa mahali ambapo zamani watu walioshtakiwa uchawi walichomwa moto. Mjomba alitengeneza mabenchi na milango katika nyumba nyingi za kisiwa kile, na mama ataka kuyapapasa kwa mkono wake. Mwambao wa Msumbiji huonekana wazi kutoka kisiwani. Wakati wa vita vilivyokwisha nchini humo mwaka 1992, watu wengi walivuka maji yale wakakimbilia Likoma. Watoto wa mjomba wamesema watatupeleka Cobuè kwa siku moja tukitaka. Tumejibu kwamba mama ndiye atakayeamua, baada ya siku ya jembe.

Siku tano zilizobaki ni za kurudi, na ndani yake zimo mbili za akiba.

Hati, fedha na saa

Pasi ya kusafiria ni kitu cha kwanza. Asiye nayo aulize katika ofisi ya Uhamiaji juu ya hati ya dharura ya safari, ambayo hutumika katika nchi jirani. Mtanzania haombi viza kwa matembezi mafupi katika Malawi wala Msumbiji, lakini ni lazima apigiwe muhuri atokapo na aingiapo, hata kama mpaka wenyewe ni maji matupu. Wasomaji wengine watauliza mpaka huo upo wapi. Serikali zetu mbili hazijapatana: Malawi hushika mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890 na kusema mpaka ni ufuko wetu, Tanzania husema mpaka ni katikati ya maji. Msafiri hana la kuamua hapo. Yeye apige muhuri bandarini, aende kwa wifi yake.

Fedha tumeigawa mafungu manne: nauli, chakula na malazi, zawadi, na akiba. Fungu la akiba tumelifanya kubwa kuliko la zawadi, kwa sababu siku ya kungoja nayo hula. Msibadili fedha zote mara moja. Thamani ya kwacha hubadilika, na mwezi wa Novemba 2023 ilishushwa kwa asilimia 44 kwa mara moja. Mama alitaka kuchukua mbegu za maharage ya Umatengo kwa wifi yake. Tulimzuia kwa heshima, maana mazao na mbegu zina sheria zake mpakani, na mwaka 2025 nchi zetu mbili zilizuiliana mazao ya shamba kwa muda. Badala yake amechukua kahawa iliyosagwa na vitenge viwili vya sare, kimoja chake na kimoja cha wifi.

Juu ya saa, angalieni sana. Malawi na Msumbiji wapo nyuma yetu kwa saa moja, tena huhesabu saa kwa namna ya Kizungu. Kwetu ikiwa saa mbili asubuhi, saa ya ukutani kwao yasema saba. Mtu aliyeambiwa kwamba meli yaondoka saa nane, na asiulize ni nane gani, aweza kuikosa meli akiwa ameketi bandarini. Kwa lugha, wengi wa mwambao husikia Kiswahili kidogo, hata hivyo, mgeni akisema "Muli bwanji?" na "Zikomo", hupokewa kwa uso mwingine.

Juu ya afya: chukueni chandarua na dawa za wazee, chemsheni maji ya kunywa, maana kipindupindu kiliua watu zaidi ya 1,700 katika Malawi tangu mwaka 2022 hata 2023, na msiwaache watoto kuogelea penye matete na maji yaliyotuama, kwa sababu ya kichocho.

Basi, wasomaji wapenzi, shauri letu ndilo hilo. Yawezekana ziwa litalivunja tena, kwa kuwa Oktoba nayo ina siku zake mbaya. Lakini tofauti na mara ile, tumewauliza watu wa ziwani kabla ya kuandika, na siku za kungoja tumezipa nafasi zao katika karatasi. Nanyi mkikaa kupanga mapumziko yenu, waulizeni kwanza wale mtakaokwenda nao ni nani wanayetaka kumwona na kwa siku ngapi. Nchi na miji hesabuni baadaye.

Juzi mama alipiga simu Likoma kuwaarifu tarehe. Wifi yake alimwuliza atapenda kupikiwa nini. Mama akacheka, akajibu, "Siku mbili za kwanza pika utakalo. Lakini mpini wa jembe uwe tayari." Kutoka upande wa pili tulisikia sauti ya kizee ikicheka pia, kisha simu ikakatika kwa kukosa mtandao, naye mama akabaki ameishika sikioni kwa muda.

Tukirudi tutawaandikia jinsi tulivyofika.